The Office ipi? Hesabu iliyowatenganisha bosi wa Slough na bosi wa Scranton

Kuna stika moja kwenye kundi letu la WhatsApp ambayo haikosi kazi. Petroli ikipanda bei, inatumwa. Michango ya harusi ikitangazwa, inatumwa mara tano. Ni mzungu mwenye suti na tai, macho yamemtoka, anapiga ukelele wa kukataa kana kwamba ameletewa taarifa ya msiba. Majuzi mwenzetu mmoja akauliza kwa nia njema kabisa: huyu jamaa ni nani hasa? Asubuhi yetu ikaishia hapo. Wa kwanza akajibu ni bosi wa The Office, tamthilia ya vichekesho ya televisheni. Wa pili akauliza, The Office ipi, ya Waingereza au ya Wamarekani? Wa tatu akasema ya Wamarekani ni wizi mtupu, wamechukua jasho la watu. Wa nne, ambaye huwa hasemi mengi, akaandika: "Ile ya Waingereza niliijaribu. Haichekeshi, inauma."

Niliahidi kuwajibu kwa kirefu, maana nimezitazama zote mbili kuliko inavyompasa mtu mwenye familia. Kwa kifupi, wa tatu amekosea. Wa nne amesema kweli kuliko alivyodhani.

Tuanze na maneno. Vichekesho tunavyovizungumzia ni vile ambavyo watu walewale wanakutana mahali palepale kila wiki, na kinachochekesha ni hali waliyomo, si mtu aliyesimama jukwaani kutoa mizaha. Huitwa sitkomu. Waliokua na Vitimbi ya KBC, wakimsubiri Mzee Ojwang' na Mama Kayai, hawahitaji maelezo zaidi. Kila kipande kimoja ni episodi, na episodi zinazotoka kwa mfululizo mmoja ni msimu.

Toleo jipya ni kitu kingine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Toleo jipya si tafsiri. Wale jamaa wa vibanda umiza wanaoweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu ya Kichina hawatengenezi toleo jipya. Sura ni zilezile, mateke ni yaleyale, kilichobadilika ni mdomo. Katika toleo jipya waigizaji ni wengine, mji ni mwingine, na maandishi yanaandikwa upya. Kinachobaki ni umbo.

Na umbo hilo huuzwa. Fikiria fundi cherehani mwenye mshono uliovuma mjini. Fundi wa mji mwingine anakuja, analipa, anapewa mchoro wa kukatia. Hajanunua gauni, amenunua mkato. Kitambaa atatafuta mwenyewe, na mteja wake ana kiuno chake. Hivyo ndivyo kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kilivyofanya kwa The Office ya BBC: kilinunua haki. Tena wenye mshono hawakuachwa nje ya duka. Ricky Gervais na Stephen Merchant, walioibuni ile ya Uingereza, walikuwa watayarishaji wakuu wa ile ya Marekani. Waliandika wao wenyewe episodi moja ya msimu wa tatu, na baadaye Merchant akaongoza nyingine. Kama ni wizi, basi ni wizi ambao mwenye nyumba alimshikia mwizi ngazi.

Neno la mwisho kabla hatujaingia ofisini. Tamthilia zote mbili zimepigwa kwa mtindo wa makala ya kubuni. Maana yake, tunaambiwa kuna wapigapicha halisi waliokuja kurekodi maisha ya ofisi ya kawaida, na wafanyakazi wanajua wanarekodiwa. Hakuna vicheko vya kupandikizwa vinavyokuelekeza pa kucheka. Badala yake kuna jicho la kando. Unajua ukiwa kwenye kikao cha familia, mjomba akaanza kusema upuuzi, wewe bila kukusudia ukamtafuta binamu yako kwa macho? Katika The Office, huyo binamu ni kamera. Bosi anasema jambo la aibu, mfanyakazi anageuza macho polepole na kukutazama wewe uliye sebuleni kwako.

Sasa ofisi zenyewe. Ya kwanza ilianza kurushwa na BBC Two Julai 2001. Ni tawi la kampuni ya karatasi iitwayo Wernham Hogg, mjini Slough, magharibi mwa London, mji wa maghala na barabara za mzunguko ambao mshairi John Betjeman aliuombea mabomu katika shairi la mwaka 1937. (Bosi wetu analisoma shairi hilo ndani ya tamthilia na kumkosoa mshairi, jambo linalokueleza karibu kila kitu kumhusu.) Anaitwa David Brent na anaigizwa na Gervais mwenyewe. Chini yake kuna Tim, kijana wa mauzo mwenye akili ambaye maisha yamemkalia. Gareth, anayejiona kamanda. Na Dawn, dada wa mapokezi anayependa kuchora, aliyechumbiwa na mwanamume ambaye hamfai.

Ya pili ilianza NBC Machi 2005. Kampuni ya karatasi tena, Dunder Mifflin, mjini Scranton, Pennsylvania, mji uliojengwa kwa makaa ya mawe na chuma kabla mambo hayajapoa. Bosi ni Michael Scott, anayeigizwa na Steve Carell. Yule wa stika. Tim amekuwa Jim, Gareth amekuwa Dwight, Dawn amekuwa Pam. Aliyesimamia kuihamisha tamthilia nzima ni Greg Daniels.

Episodi ya kwanza ya Marekani ilikuwa karibu neno kwa neno na ile ya Uingereza, na hapa ndipo dhana ya "wamenakili tu" ilipoota mizizi. Hata mzaha wa stepla ya mwenzako kuzamishwa ndani ya jeli umo kotekote. Lakini itazame vizuri tukio moja, kwa sababu ndani yake tofauti tayari imeanza kuchungulia.

Bosi ana kijana mpya, mfanyakazi wa muda, na anataka kumwonyesha jinsi alivyo mtu wa utani. Anamwita dada wa mapokezi ofisini. Anamwambia kwa uso mkavu kwamba ameiba vifaa vya ofisi, vile vikaratasi vya kubandika, na kwa hiyo amefukuzwa kazi. Dada anashtuka, anajitetea, machozi yanaanza kumlenga. Kijana mpya anatazama sakafu. Dada analia kabisa. Ndipo bosi anapotabasamu: nilikuwa natania.

Kimya kinachofuata ndicho tamthilia yenyewe. Huko Slough, Dawn anamtukana Brent tusi zito ambalo BBC huliruhusu usiku watoto wakiwa wamelala, na anamwambia alivyo mtu duni. Brent anabaki pale, mkono haujui pa kwenda, anatafuta neno la kufunga mambo na halipatikani. Unamwonea haya. Si kumcheka, ni ile soni ya kuona mtu mzima amejivua nguo hadharani na hajui. Huko Scranton, Pam naye analia na kutoa neno lake, ila ni neno laini ambalo kituo kinachorusha Marekani nzima kinaweza kulirusha, na uso wa Carell una kitu ambacho uso wa Gervais hauna: unamwona mtu aliyedhani kweli itachekesha, na sasa anaumia kwamba haikuchekesha. Maneno karibu ni yaleyale. Brent anajali kamera imemwonaje. Michael anajali kama bado anapendwa.

Niliwahi kuwa na bosi wa aina hii. Sitasema wapi. Kila Jumatatu kwenye kikao alikuwa na utani mmoja, na utani wenyewe ulikuwa daima juu ya mtu aliyekuwemo humo ndani. Tulicheka. Bosi akitania, kucheka ni sehemu ya mkataba. Niliyemkumbuka mara ya kwanza nilipomtazama Brent alikuwa ni yeye, na ilinichukua siku mbili kurudi kumalizia episodi. Kwa hiyo mwenzetu wa nne namwelewa anaposema inauma.

Swali la maana basi si nani aliyeiga. Ni hili: ikiwa zilianza na maneno yaleyale, kwa nini ziliishia kuwa vitu viwili tofauti kiasi hiki? Majibu mengi utakayoyasikia yanahusu tabia za mataifa. Waingereza wana huzuni, Wamarekani wana matumaini. Waingereza wanajua kejeli, Wamarekani lazima waelezwe. Kuna chembe ya ukweli, lakini ni chembe. Mimi nadhani jibu kubwa ni hesabu.

Chukua kalamu. The Office ya Uingereza ina misimu miwili, episodi sita kila mmoja, jumla 12. Kila moja ni kama nusu saa kamili kwa sababu BBC haikatizi kwa matangazo. Inaendeshwa kwa ada ya leseni ambayo kaya zinazotazama televisheni hulipa. Hizo ni saa sita. Ongeza episodi mbili ndefu za Krismasi ya 2003, bado hufiki saa nane. Unaweza kuitazama yote Jumamosi moja na ukawahi kulala.

Ya Marekani ilikwenda misimu tisa, kuanzia 2005 hadi Mei 2013, episodi 201. Ukiondoa matangazo, kila moja ni kama dakika 22. Zidisha: ni zaidi ya saa 70.

Saa nane na saa 70 si urefu tu, ni uhusiano wa aina nyingine na mhusika. Wahenga wetu walilimaliza jambo hili zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. David Brent ni mgeni wa siku mbili. Anakuja, anakera, anavunja vikombe, anaondoka, na unabaki kumsimulia. Huna haja ya kumpenda. Michael Scott ni mgeni ambaye siku ya tatu bado yupo, na ya nne, na mwaka wa saba. Mtu wa namna hiyo lazima apewe jembe. Lazima awe na kitu anachokifaa, siku moja moja awe na maana, la sivyo wenye nyumba watahama. Na wenye nyumba hapa ni watazamaji.

Kwa nini Marekani walihitaji episodi nyingi hivyo? Fedha, na si siri. Vituo kama NBC viliishi kwa matangazo, na msimu wa kawaida ulikuwa wa episodi 22 au zaidi ili ratiba ijae kuanzia Septemba hadi Mei. Juu ya hapo kulikuwa na soko la marudio: tamthilia ikifikisha kama episodi 100, kwa desturi ya wakati ule, ingeweza kuuzwa kwa vituo vidogo virushe kila siku jioni kwa miaka. Faida kubwa ilikuwa huko. Tamthilia ya episodi 12 haina cha kurudiwa; wiki mbili tu imekwisha.

Na idadi hubadili jiko. Episodi 12 zinaweza kupikwa na watu wawili, na ndivyo ilivyokuwa, Gervais na Merchant waliandika zote. Ni sufuria la nyumbani: mpishi mmoja, chumvi yake, akiamua basi ni basi. Episodi 22 kwa mwaka ni pishi la shughuli. Unahitaji masufuria makubwa, wapishi kumi, na mtu wa kusimamia ladha isipotee. Marekani huwa na chumba cha waandishi, na kwenye The Office baadhi ya waandishi hao waliingia hadi mbele ya kamera: B.J. Novak, aliyekuwa yule kijana mpya, na Mindy Kaling, na Paul Lieberstein, aliyekuwa Toby wa idara ya rasilimali watu. Kwa taarifa ya kundi letu, ukelele wa ile stika ulitokana na kurudi kwa Toby kazini. Ndiyo habari mbaya yenyewe.

Hapa tumguse yeyote anayeweza kudhani ile ya Uingereza ilikuwa fupi kwa sababu ilishindwa. Ni kinyume. Ilianza kwa kusuasua, watazamaji wachache, lakini Januari 2004 ilichukua Golden Globe ya tamthilia bora ya vichekesho huko Marekani, na Gervais akachukua ya mwigizaji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa vichekesho vya Uingereza kupata tuzo hiyo. Wakati inatuzwa, walikuwa wameshaifunga kwa hiari yao. Walikuwa na mfano: Fawlty Towers, ambayo Waingereza wengi huiweka kileleni mwa vichekesho vyao, ina episodi 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979.

Turudi Scranton, maana msimu wa kwanza ulikuwa na matatizo. Kumbuka fundi cherehani: walikuwa wamechukua mkato wa watu na kumvika mteja wao bila kumpima. Michael wa msimu ule ana nywele zilizolazwa na mafuta, ana ukali ukali, ni Brent aliyebadilishiwa lafudhi. Kilikuwa kipindi kifupi, episodi sita, na watazamaji walipungua haraka baada ya ile ya kwanza. Watu wa NBC walikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka miwili tu nyuma, 2003, kituo hichohicho kilichukua vichekesho vya BBC vinavyoitwa Coupling, kikatumia maandishi karibu yaleyale, na kikaviondoa hewani baada ya episodi nne.

Kilichotokea kati ya msimu wa kwanza na wa pili ndicho ningependa kila anayesema "wamenakili" akione. Wakati wa kiangazi cha 2005 Carell alitamba kwenye sinema kama mtu mwenye haya na moyo mwema, na Daniels na waandishi wake wakapata nafasi ya kumpima mteja upya. Nywele zikalegea. Suti ikamkaa. Na msimu wa pili ukafunguliwa na episodi aliyoiandika Kaling, ya tuzo za Dundie.

Michael amewapeleka wafanyakazi mgahawani, Chili's, kuwagawia vikombe vya kuchekesha alivyovibuni mwenyewe. Anaimba kwa maiki, anatania vibaya, wafanyakazi wanatamani ardhi ipasuke. Kawaida kabisa. Halafu wageni wa meza nyingine, watu wasiomjua, wanaanza kumzomea. Michael ananywea. Anaanza kufupisha shughuli, sauti imemwisha. Na hapo Pam, ambaye ameshakunywa kidogo, anaanza kumpigia makofi, Jim anafuata, wengine wanaitikia, shughuli inaendelea.

Ni jambo dogo, na ndilo lililoikoa tamthilia. Kila mtu aliyekulia kwenye ukoo mkubwa anaijua sheria hii: mjomba mlevi ni wetu kumsema. Jirani akimsema, tunafunga mlango na kusimama upande wa mjomba. Brent hakuwahi kupewa dakika hiyo huko Slough. Hakuna aliyempigia makofi. Katika msimu wa pili anacheza ngoma mbele ya ofisi nzima, dansi ambayo siwezi kuieleza na sitajaribu, na makofi hayaji. Siku ya kuchangisha fedha za hisani, akiwa amevaa vazi la kichekesho la mtu aliyepanda mbuni, anaarifiwa kwamba anapunguzwa kazini. Baadaye anawaomba wakuu wake wasimfukuze. Utani umekwisha, sauti inatetemeka, na kwa mara ya kwanza tunamwona mtu aliyekuwa nyuma ya makelele yote. Ni sekunde chache. Zina uzito kwa sababu tumezisubiri saa sita nzima.

Michael hawezi kusubiri saa sita. Kwa hiyo tamthilia ya Marekani inamlipa kwa awamu, kama mshahara. Mfano ninaoupenda uko msimu wa tatu. Pam ameonyesha michoro yake kwenye maonyesho madogo. Mpenzi wake amekuja, ametazama, ameondoka. Mwenzake wa ofisini amekuja na kusema chinichini kwamba ujasiri na ukweli si mambo ya Pam, bila kujua Pam yuko nyuma yake. Pam anaanza kuibandua. Mlango unafunguliwa, anaingia Michael, amechelewa, amevaa koti. Anasimama mbele ya mchoro wa rangi ya maji wa jengo lao la ofisi na kuutazama kwa muda. Anasema anaona fahari. Anaununua. Hamtanii mtu. Pam anamkumbatia, na mchoro ule unakwenda kuning'inizwa ofisini hadi mwisho wa tamthilia. Brent hangefika kwenye maonyesho hayo, au angefika na gitaa.

Mapenzi nayo yamekunjwa na hesabu hiyohiyo. Tim na Dawn wana episodi chache mno, kwa hiyo kila kitu kwao ni kumeza. Mwishoni mwa msimu wa pili, Tim yuko kwenye mahojiano na kamera, anaeleza kwa nini hawezi kumwambia Dawn anachohisi; katikati ya sentensi anabadili mawazo, anasimama, anampeleka Dawn kwenye chumba cha kioo na kuing'oa maiki kifuani. Tunaona midomo kupitia kioo. Hatusikii kitu. Anatoka, anarudi mezani, anavaa maiki, na kutuambia kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa kwamba dada amekataa. Katika vichekesho vyote nilivyovitazama sijaona matumizi bora ya ukimya. Jim na Pam, wao, wanabusiana mwishoni mwa msimu wa pili na bado kuna misimu saba mbele. Ndoa, watoto, mikopo, ugomvi wa kazi. Ni mapenzi ya kuishi nayo. Nayapenda, lakini siyakumbuki kwa namna ileile.

Basi na ile hadithi ya Wamarekani wasiojua kejeli? Tatizo lake la kwanza ni kwamba ule mtindo wa makala ya kubuni, ambao watu wanadhani ni wa Kiingereza damu damu, Gervais mwenyewe amekiri aliuchota kwa sehemu kutoka filamu ya Kimarekani ya 1984, This Is Spinal Tap, ya bendi ya roki isiyokuwepo. Kwa hiyo kile Waingereza walichoiuzia Marekani kilikuwa na uzi wa Kimarekani tangu mwanzo, kama kitenge kilichosafiri, kikashonwa, kikarudishwa dukani kilikotoka. Tatizo la pili ni Curb Your Enthusiasm, iliyokuwa hewani Marekani tangu mwaka 2000 na kumfanya mtazamaji ajifunike uso kwa soni kila wiki. Ila ilirushwa na HBO, chaneli ya kulipia, isiyoishi kwa matangazo na isiyohitaji episodi 22. Umeona? Tumerudi kwenye hesabu.

Wala The Office haikuwa ya kwanza kuvuka Atlantiki. Steptoe and Son, ya wanaume wawili wa vyuma chakavu huko London, baba na mwana, ikawa Sanford and Son mwaka 1972, baba na mwana weusi wa mtaa wa Watts, Los Angeles. Till Death Us Do Part, yenye mzee mbaguzi anayefoka sebuleni, ikawa All in the Family mwaka 1971 na kuzua mabishano nchi nzima. Hizo zilifaulu kwa sababu waliomiliki mkato mpya walimtafuta mtu wa kwao wa kuuvaa. Fawlty Towers, kwa upande wake, ilijaribiwa Marekani mara tatu na mara zote ikafa. Katika jaribio la 1983, lililoitwa Amanda's, walimwondoa mwenye hoteli, yule mwanamume mwenye hasira ambaye ndiye vichekesho vyenyewe. Ni kama kupika pilau na kuacha bizari nyumbani kwa sababu wageni hawaijui.

Kuna mfano mwingine ambao waliokua Kenya wanaweza kuupenda. Mind Your Language, ile ya darasa la Kiingereza la wageni waliojaa London, ilipitia televisheni zetu na bado watu wa umri fulani wanaigiza lafudhi zake. Marekani walitengeneza toleo lao mwaka 1986, What a Country!, na wanafunzi wakawa wahamiaji wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia. Ilidumu msimu mmoja. Hakuna anayeiigiza lafudhi.

Mkinibana niseme ipi bora, nitasema nikiwa na saa nane nachukua ya Slough, nikiwa na mwaka mzima wa upweke nachukua ya Scranton. Wengi walikuwa na mwaka huo. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani, ya Marekani ndiyo iliyotazamwa kuliko tamthilia zote kwenye majukwaa ya mtandaoni nchini humo, zaidi ya dakika bilioni 57 kwa takwimu za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji. Mtu aliyefungiwa ndani hamtafuti mgeni wa kumkera. Ingawa niongeze, Carell alipoondoka 2011 wangefunga duka. Misimu miwili ya mwisho ni jembe lililobaki shambani bila mkulima.

Kabla Carell hajaondoka, Januari 2011, walifanya jambo ambalo sijui kama wanaobishana kundini kwetu wameliona. Episodi inafunguliwa na Michael akitoka kwenye lifti. Mbele yake yupo mgeni mwenye ndevu kidogo na lafudhi ya Kiingereza. Ni David Brent, Gervais mwenyewe. Wanaanza kuongea, wanagundua wote wanapenda kuigiza lafudhi za watu, wanacheka mizaha ambayo hakuna mwingine katika jengo angeicheka, wanakumbatiana. Wamejuana dakika moja na tayari ni ndugu. Kisha Brent, ambaye alipunguzwa kazini Slough mwaka 2002, anauliza kama hapo kuna nafasi yoyote ya kazi.

Michael anamwambia kwa sasa hakuna.